Mifuko Mia Sita bila Maji

Mdogo wangu niliyemwachia ziwa watu wanamwita Winchi. Jina hilo alilipata ghalani. Mwaka ambao mashine ya kunyanyulia mizigo iliharibika, yeye na wenzake saba walishusha lori na tela lake, mifuko mia sita ya saruji, kila mfuko kilo hamsini, na adhuhuri ilipoingia gari lilikuwa tupu. Mwenye ghala akasema mashine ibaki hivyo hivyo, winchi anayo. Hiyo ni miaka kumi na minne sasa, na mpaka leo kuku wa mlinzi wanatagia chini ya ile mashine.

Mimi ni dada yake. Mume wangu alipofariki, Winchi alinichukua nikakae chumba cha nyuma nyumbani kwake, na hakuniuliza nitakaa siku ngapi. Wifi yangu anatoka mapema kwenda kufagia shule, kwa hiyo kumwamsha mdogo wangu na kumtengenezea asubuhi yake ikawa kazi yangu. Nataja hili mwanzoni ili ijulikane kwamba ninayoyaandika sikuhadithiwa. Mengine niliyafanya kwa mikono yangu hii.

Asubuhi yake ilikuwa kikombe kimoja cha chai isiyo na maziwa, na vidonge viwili vya maumivu. Hakuna mkate, hakuna kiporo, hakuna chochote. Nilikuwa nikimbembeleza.

"Kula hata kipande."

"Dada, tumbo likiwa na kitu linakuwa abiria. Mimi sibebi abiria."

Basi alikuwa anakula mara moja kwa siku, saa nane mchana, gari likishafungwa. Hapo utaionea huruma sufuria. Nilikuwa nawapelekea chakula pale ghalani, yeye na wenzake, na sahani yake ilikuwa ya watu watatu. Watu wakimwona anavyokula na jinsi mabega yalivyojaa walisema yule mtu ana afya ya farasi. Nami nilisema Alhamisi na Jumapili katika sala zangu, Mungu nakushukuru kwa afya ya huyu. Kumbe nilikuwa nashukuru kwa kitu nisichokijua.

Sasa nieleze desturi yao, kwa sababu bila hiyo hutaelewa. Wakishusha saruji, wawili wanakaa juu ya gari na sita wanazunguka. Unapokea mfuko begani, unapanda ubao, unaupanga, unarudi kwa njia nyingine, umefika, unapokea tena. Wanauita mstari. Mstari ukianza hausimami, kwa sababu mmoja akisimama wa nyuma yake anabaki na mzigo begani. Na maji hayaruhusiwi kukaribia. Saruji ikilowa imekufa, inageuka jiwe ndani ya mfuko. Zamani mmoja wao alikunywa jagi zima kwa pupa, akarudi mbio, akatapika juu ya rundo. Mwenye ghala aliwafukuza wote siku ile. Ndipo Winchi, akiwa kiongozi wao, akatunga sheria: maji yakae kwenye pipa getini, na atakayekwenda getini kabla gari halijaisha, ameshuka. Halimalizi gari hilo pamoja na wenzake. Anakaa pembeni mpaka liishe.

Ilianza kama sheria ya kulinda mifuko. Baadaye ikawa ndiyo kipimo cha uanaume. Kuna mmoja wao anaitwa Profesa, mrefu, miwani yake ameifunga kwa mpira nyuma ya kichwa, hapiti karatasi ya gazeti chini bila kuiokota na kuisoma. Siku moja ya joto kali alifika mfuko wa mia nne na kitu, akatoka kwenye mstari akaenda getini. Alikunywa kikombe kimoja. Aliporudi, mdogo wangu hakupandisha hata sauti.

"Shuka, Profesa."

Nilikuwa nimeshafika na chakula. Nilimwona Profesa amekaa juu ya tairi bovu, anaangalia miguu yake kama mtu anayesoma. Tangu siku ile hakuna aliyeshuka.

Vile vidonge navyo vilianza kidogo kidogo. Mgongo ulimkaza, akanywa kimoja baada ya kazi. Akaona kesho yake ameamka mwepesi. Akaanza kunywa kimoja kabla ya kazi ili mgongo usimkaze kabisa. Kisha viwili. Kila siku ya kazi, kwa miaka mitano. Wenyewe wanaviita funguo, kwa sababu vinafungua mgongo. Mimi ndiye niliyekuwa navinunua duka la dawa la mtaani. Muuzaji alishanizoea, nikitokea tu anakata kipande cha vidonge kumi kabla sijafungua mdomo. Hapakuwa na cheti cha daktari, wala hakuna aliyeniuliza ni vya nini. Niliona ni upendo. Mtu wako anaumia, unamtafutia kitu cha kumpunguzia.

Dalili zilikuja, na sisi tukawa tunazitafutia majina mengine. Asubuhi kope zake zilikuwa zimevimba, akasema kalalia vibaya. Akawa anachoka akipanda ngazi mbili za barazani, akasema ni umri, na hajafika hata arobaini na tano. Siku moja wifi yangu akaniita uani, akafunika mdomo kwa kiganja.

"Wifi, nina aibu kukwambia. Mdogo wako anakojoa kama chai yako ile ya asubuhi."

"Labda ni jua."

"Jua linaingia huko?"

Tulicheka. Nasikitika kuandika hivi, lakini ni kweli, tulicheka, kisha kila mmoja akaendelea na kazi yake.

Wiki iliyofuata yakaja magari matatu kwa siku mbili. Joto lilikuwa lile la kufanya bati lilie. Siku ya kwanza alirudi miguu imemkakamaa, mashavu ya miguu yamejikunja kama kamba, mimi na wifi tukamkanda kwa maji ya moto. Asubuhi ya pili akanyoosha mkono.

"Leo niongeze viwili."

"Vinne, mdogo wangu?"

"Dada, kuna gari na tela. Nikibaki nyumbani mstari unakatika."

Nikampa. Nasema kweli mbele za Mungu, nilivihesabu kwenye kiganja chake mimi mwenyewe, nikamkabidhi na kikombe.

Alimaliza gari. Hakushuka. Profesa na mwenzake ndio waliomleta nyumbani, wamemshika makwapa, naye anatapika maji ya njano. Alilala. Usiku ukapita, asubuhi ikafika, wifi akamuuliza kama amekwenda haja ndogo, akasema hasikii haja. Mchana hivyo hivyo. Jioni tulimpeleka hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, ana macho ya kutolala, lakini hana haraka. Walimtoa damu, wakampima, akakaa na karatasi mbele yake.

"Baba, kazi yako ni ya nguvu?"

"Nabeba saruji."

"Kazini unakunywa maji kiasi gani?"

"Yanatosha."

"Unakula nini kabla ya kazi?"

"Nakula vizuri tu. Muulize dada yangu, anajua sahani yangu."

"Nimeuliza kabla ya kazi."

Mdogo wangu akaanza kukwangua saruji chini ya kucha.

"Kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hapana."

"Hata za kununua dukani?"

"Daktari, mimi sijawahi kuugua. Dawa nitumie za nini?"

Naye hakuwa anadanganya kwa jinsi tunavyojua kudanganya. Pale ghalani funguo si dawa. Dawa ni ya mgonjwa, na mgonjwa halipandi gari. Lakini alipojibu hilo la dawa aliniangalia, na macho yake yalikuwa yananiomba. Niliyaelewa. Akiandikwa mgonjwa, habari zitafika kwa mwenye ghala, na nafasi yake watu wanaisubiri nje ya geti kila asubuhi. Tena mimi ni dada mkubwa. Kumsuta mdogo wangu mbele ya mtu wa umri wa binti yake, ni kumvua nguo.

Vidonge vilikuwa ndani ya mkoba wangu. Vilivyobaki, sita. Nilishika mkoba nikasali kimoyomoyo, na sikuomba ujasiri, niliomba mtu mwingine aseme. Wifi alikuwa nje anajaza fomu. Hapakuwa na mtu mwingine.

Nikavitoa nikaviweka juu ya meza.

"Anakunywa viwili kila siku ya kazi, mama. Miaka mitano. Jana alikunywa vinne. Bila chakula. Na maji hanywi mpaka kazi iishe. Mimi ndiye ninayempa."

Daktari alivichukua akavisoma nyuma. Mdogo wangu akageuzia uso ukutani.

"Dada," akasema, "umeniuza."

Daktari alitueleza kwa maneno ambayo hata mimi niliyeishia darasa la saba niliyashika. Alisema figo ni chujio. Mtu akitoka jasho la ndoo nzima na asinywe kitu, damu inayofika kwenye figo inapungua. Figo zenyewe zinajua kujitetea, zinapanua njia ili zipate damu kidogo. Vidonge vya aina ile vinaifunga njia hiyo. Na misuli ikisukumwa kupita kiasi kwenye joto, tumbo tupu, mwili mkavu, inaanza kuvunjika, na vipande vyake vinakwenda kuziba chujio lile lile. Ndiyo rangi ya chai tuliyoicheka.

"Zitarudi?" nikauliza.

"Pengine. Tunampa maji ya mshipani na tunasubiri mkojo. Usipokuja, tutamweka kwenye mashine ya kusafisha damu. Siwezi kuahidi, mama."

Kwa hiyo tukasubiri mkojo. Sikuwahi kudhani maisha ya mtu niliyembeba mgongoni yangekuja kutegemea chupa ya plastiki yenye mistari. Kila asubuhi nesi alikuja kuisoma. Siku ya kwanza, kidogo kama cha kulowesha kitambaa. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu uso wa mdogo wangu ulijaa ukawa mviringo, na vidole havikunji vizuri. Tena hasemi nami. Wifi akimletea uji anapokea, mimi nikimletea ananionyesha meza kwa kidole.

Profesa alikuja kumwona siku ya tatu, amevaa shati la kutokea.

"Winchi, kumbe kuna sehemu wanakulazimisha ulale na kukunywesha maji? Nisajilini."

Winchi akatabasamu upande mmoja. Profesa akakaa, akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

"Dada," akaniambia mimi, si yeye, "hivyo vidonge hata mimi nakunywa. Tuko watu sita. Wewe ukiondoka dukani, sisi tunaingia."

"Na mnajua vinafanya nini?"

"Nilisoma ile karatasi ya ndani. Maandishi madogo sana. Nikaona wameandika mambo mengi, nikasema hawa wanajikinga tu."

Mdogo wangu alikuwa anasikiliza.

Siku ya tano, kabla nesi hajafika, nilisikia wifi ananiita kutoka mlangoni kwa sauti ya kunong'ona kana kwamba kuna mtoto amelala. Chupa ilikuwa imefika nusu. Nilipiga magoti pale pale kwenye sakafu yenye harufu ya dawa nikamshukuru Mungu kwa mkojo, na sioni aibu. Mdogo wangu akaniangalia nikiwa chini.

"Inuka, dada. Magoti yako yenyewe mabovu."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu baada ya siku tano.

Alitoka siku ya kumi na moja, suruali inamshuka. Daktari alimpa masharti. Vidonge vile asiguse tena maishani, wala soda za nguvu za kwenye makopo. Ale kabla ya kazi na katikati ya kazi. Anywe maji kidogo kidogo siku nzima, si jagi la pupa. Na asibebe kitu miezi miwili. Damu ipimwe kila mwezi, ndipo itajulikana kama atabeba tena. Figo zilikuwa zimerudi nusu. Nusu nyingine ndiyo tuliyokuwa tunaisubiri.

Kipimo cha kwanza kilipanda kidogo. Nyumba ilikuwa na furaha, wifi aliimba akifua. Mimi nikawa naamka mapema zaidi, napika viazi, mayai, maharage ya jana napasha, namwekea na ndizi. Anakula kama mtu anayelipa faini, lakini anakula. Na mwezi wa pili ulipoisha, kabla ya kipimo cha pili, akaniambia nimsindikize ghalani.

"Si umekatazwa?"

"Sibebi. Nina neno na watu."

Tulifika gari likiwa linafunguliwa turubai. Wale saba walimzunguka, wakamgusa mabega, mmoja akasema amekuwa winchi ya kupandishia nguo dirishani. Akacheka nao. Kisha akasema alilokuja kusema: maji yatoke getini. Ndoo yenye mfuniko ikae mwisho wa njia ya kurudia, ambako mtu hana mzigo, mbali na mifuko, na kila mzunguko wa kumi mtu apige mafunda mawili. Mstari hautasimama. Na watu waje wamekula.

Wakaangaliana. Aliyejibu ni Profesa.

"Sheria uliitunga wewe."

"Niliitunga."

"Uliniambia shuka, nikashuka. Mke wangu alisikia habari ile sokoni kabla sijafika nyumbani. Mwaka mzima naitwa Kikombe."

"Najua."

"Sasa leo wewe umeugua, ndiyo tuna ruhusa ya kiu?"

Niliona mdogo wangu anatafuta mahali pa kuweka mikono. Mikono ile sijaiona ikikosa kazi.

"Nilikosea," akasema. "Ulikuwa na haki ya kunywa. Nilikuonea."

Kule juu ya gari utingo akagonga bodi kwa kiatu, akauliza kama leo ni kazi au ni harusi. Mmoja wao, mnene kidogo, akasema, "Kwa Winchi sawa, anywe, yeye ni mgonjwa. Sisi wazima tuendelee kama zamani." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Waliona wamemfanyia hisani. Lakini mimi niliyemlea nililiona neno lile likimwingia, mgonjwa, likakaa.

Mstari ukaanza. Sisi wawili tukabaki karibu na ile mashine mbovu. Nilikuwa nimekuja na ndoo yangu kutoka nyumbani, ya mfuniko, ina kikombe; niliiweka pale alipoonyesha, mwisho wa njia ya kurudia. Walipita karibu yake mara ya kwanza hadi ya ishirini, jasho linawachora mistari kwenye vumbi la usoni, hakuna aliyegeuza shingo. Gari lilipofika nusu, Profesa alipunguza mwendo. Akainama, akafunua, akanywa mafunda mawili akiwa amesimama, akafunika. Akamtazama mdogo wangu.

"Nishuke?"

"Endelea."

Akaendelea. Baada yake akanywa mmoja tu. Wengine hawakunywa. Mnene yule alisema kwa sauti ya kusikika kwamba ndoo ya mwanamke ghalani ni mkosi, na mdogo wangu akamwambia mkosi ni ile harufu ya kinywa chako kikavu, wakacheka, lakini hakunywa.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa kipimo cha pili. Daktari alilinganisha karatasi mbili, akaziweka moja juu ya nyingine, nikajua kabla hajasema. Figo zimesimama pale pale. Hazikushuka, na hazikupanda. Alisema mara nyingine zinabaki hivyo, na mtu anaishi miaka mingi akizitunza. Lakini saruji basi. Joto lile, mzigo ule, hapana.

"Mzigo mdogo?" mdogo wangu akauliza. "Mifuko ya kilo ishirini na tano?"

"Hapana, baba."

"Nikinywa maji?"

"Hata ukinywa."

Aliuliza hivyo mara nne kwa namna nne, na daktari alimjibu mara nne kwa upole ule ule. Njiani hakutaka tusimame popote.

Profesa ndiye kiongozi wao sasa. Ndoo yangu bado iko kule. Ananiambia siku nyingine wanakunywa watatu, siku nyingine wanne, na mnene wao hajagusa. Duka la dawa nilikwenda mwenyewe, nikamweleza muuzaji yaliyotupata. Akanisikiliza, akasema pole sana mama, na nilipokuwa natoka nilimkuta mmoja wa wale wabeba saruji mlangoni, anasubiri niondoke. Nilimshika mkono nikamweleza na yeye. Aliinamisha kichwa kwa heshima. Sijui kama nilipoondoka aliingia.

Winchi anaamka saa ile ile, hata nisipomgongea. Leo asubuhi nilimkuta ameshafunga mkanda wake mpana wa kazini, amekaa ukingoni mwa kitanda. Nikamwekea sahani juu ya stuli. Mayai, viazi, kikombe cha maji.

"Nile nikafanye nini, dada?"

Mwenye ghala hana kazi ya mtu asiyebeba, na bado hatujui atafanya nini. Ningeweza kumwambia Mungu hamwachi mja wake, na ninaamini hivyo, lakini si neno la kumtupia mtu aliyefunga mkanda. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake.

"Mimi pia sijala," nikasema. "Niliyekuwa nakupa vidonge ni mimi, nawe unajua. Siwezi kumeza kitu kabla sijakuona umemeza."

Akashika kifungo cha mkanda.

"Hilo la vidonge, niliyeomba ni mimi."

"Na niliyetoa ni mimi."

"Basi tumeshagawana," akasema. Akafungua mkanda, akauweka kitandani, akakata kiazi kimoja katikati, nusu akanisogezea upande wangu wa sahani.